Tu ya Adabu

Mwingereza alipokuwa anagawa vitenzi, inaelekea alichoka kabla ya kumaliza, akakamata kimoja akakitwisha mizigo ya wenzake wote. Ndivyo Magesa alivyowaeleza wenzake kambini, na kitenzi chenyewe ni leave, ambacho pale kwao kiliitwa livu, maana ndivyo kilivyosikika.

Kambi ilikuwa nje kidogo ya Kharumwa, ya kampuni ya kuchoronga miamba. Mtambo ulitoboa ardhi mchana kutwa kutafuta dhahabu ya watu wengine, ukapandisha vipande vya mwamba vya mviringo, virefu kama mihogo, na kazi ya Magesa ilikuwa kuviosha na kuvipanga kwenye masanduku kwa mfuatano uleule viliotoka nao ardhini. Bosi wake alikuwa mzungu mrefu, mkimya, aitwaye Davis, ambaye Kiswahili chake kilianzia kwenye "asante" kikaishia kwenye "bado". Magesa naye alikuwa na Kiingereza cha kidato cha nne, kile cha kujibia mtihani. Cha kuongea hakikuwamo kwenye mtaala.

Siku za mwanzo alishika kipande cha mwamba kwa mikono yenye grisi. Davis akasema, livu iti. Magesa akaelewa kwamba livu ni kuacha. Baadaye akaambiwa kuhusu pampu ya maji, livu iti oni, naye kwa utii akaiacha kabisa, yaani akaizima, na mtambo ukachemka hadi ukatoa moshi. Kumbe safari hii livu ilikuwa kutozima. Kwenye chai Davis akasema livu samu fo mi, ikawa kubakiza. Ijumaa akapanda gari kwenda Mwanza akasema anafanya livu, ikawa kuondoka. Halafu zikaja habari kwamba mke wa Davis huko kwao naye amefanya livu, na hiyo ilikuwa talaka. Tena ikipita wakati inageuka lefti. Masudi, mlinzi wa getini, alipoambiwa mama kalefti, aliuliza kwa huruma kabisa, "Kakata kushoto akaelekea wapi?"

"Sasa mtu akinipigia kelele livu," Magesa aliwauliza wenzake, "nijue naacha, nabakiza, naondoka au natalikiwa?"

Wakacheka. Magesa alikuwa mtu wa kuchekesha, na watu walishazoea kuanza kucheka kabla hajamaliza sentensi. Hilo lilimpendeza sana wakati ule.

Maana moja tu ndiyo ilikuwa tamu, nayo ilibandikwa ukutani nje ya ofisi: livu ya mwaka. Likizo. Magesa aliihitaji hiyo kuliko kitu chochote, kwa sababu ya Limi.

Limi alikuwa binti wa mzee Nkwabi wa Songwa, na mzee Nkwabi alikuwa na msimamo. Ameishi maisha yake yote jirani na mgodi wa almasi, akiwaona vijana wanaingia na kutoka, na alichojifunza ni kimoja. "Binti yangu ataolewa na mtu mwenye kofia ngumu," alisema. "Awe mfupi, awe mrefu, lakini asubuhi akiamka awe na kofia ya kuvaa." Wa kwanza aliyekuja alikuwa na duka la simu, akarudishwa. Wa pili alikuwa na bodaboda mpya, akaambiwa ile kofia ya bodaboda haihesabiki. Magesa alikwenda na picha aliyopiga akiwa na kofia ya njano ya kampuni, jina lake limeandikwa mbele kwa kalamu nene, na mzee aliitazama ile picha muda mrefu, akamwambia mkewe, "Huyu alete wazee wake."

Kilichobaki kikawa kuomba likizo ya wiki moja apeleke posa.

Alijiandaa. Usiku uliotangulia, kitandani, aliitengeneza sentensi kama mtu anayetengeneza redio. Ai wonti, nataka. Livu, likizo. Lakini aliitazama ikiwa imekaa hivyo akaona aibu. Mtu hawezi kumwendea mkubwa wake akamwambia "nataka likizo", kavukavu, kama anamdai. Kwetu mtu husema nataka likizo tu. Ile tu ndiyo adabu yenyewe. Ndiyo inayomwambia mkubwa kwamba jambo ni dogo, wala asishtuke. Kiingereza kilikuwa hakina kitu kama hicho, au kama kilikuwa nacho walimu hawakukifikia, basi Magesa akaamua kuchangia cha kwake. Aliichomeka katikati, ikakaa vizuri mno.

Asubuhi alivua kofia, akaishika kifuani, akainama kidogo. "Bosi. Ai wonti tu livu."

Davis aliweka kikombe chini. "Yu wonti tu livu?"

Hata bosi ameweka tu, Magesa akawaza, kweli huyu mtu ni muungwana. "Yesi, bosi."

Davis akamuuliza kwa nini. Magesa akajibu kwa neno alilolihifadhi kwa ajili hiyo: mareji. Davis alimtazama kwa macho ya mtu ambaye ndoa anaijua mpaka ilipoishia, akahema. Kisha akauliza nani anaweza kushika nafasi yake. Hapo Magesa akaona bahati imemfuata kwa miguu yake miwili, akamtaja Januari, kaka yake Limi, kijana mtaratibu aliyekuwa anakaa tu nyumbani Songwa. Wiki moja ya kibarua kwa shemeji, siku ileile unayopeleka posa. Akatoa namba ya simu palepale.

Davis akasimama, akampa mkono. Akaushika kwa muda mrefu, akautikisa polepole, na Magesa akashangaa heshima anayopewa mtu kwa likizo ya wiki moja.

Getini Masudi alimzuia. "Bosi kasema kofia ibaki."

"Anaogopa nitaivaa kanisani?"

Masudi akacheka, akaipokea. Magesa akaondoka akiwa anapiga mluzi.

Posa ilipokelewa vizuri kupita kiasi, na hilo peke yake lingetosha kumtia wasiwasi. Wazee wa Magesa walikaribishwa ndani kabla hawajabisha hodi sawasawa. Mzee Nkwabi hakuuliza maswali magumu hata moja. Kisha mama yake Limi, Mama Januari, akatoka jikoni, akapiga magoti mbele ya baba yake Magesa, akafuta machozi kwa ncha ya khanga.

"Wabeja," alisema, na asante hiyo ya Kisukuma aliirudia mpaka sauti ikakatika. "Wabeja sana. Mmezaa mtu. Mwanangu Januari kanipigia simu jana kutoka Kharumwa. Anasema amepewa kazi ya kudumu. Mkwe wangu ameacha kazi yake mwenyewe ili shemeji yake aipate. Nimeishi miaka yangu yote sijasikia mtu wa hivyo."

Baba yake Magesa aligeuza shingo akamtazama mwanawe. Magesa alihisi kijasho kikianzia kisogoni kinashuka bila haraka.

Kumjibu hakuweza. Kwa mila zao mkwe hajibizani na mama mkwe; hata kumtazama usoni ni tatizo. Alizungumza na mzee Nkwabi, akitazama mkeka. "Baba, mimi sikuacha kazi. Niliomba likizo."

Kisha mzee Nkwabi akaanza kucheka, kwanza tumboni, halafu mabegani, na nyumba nzima ikamfuata. "Nilisikia kwamba huyu kijana ana utani," alisema akijifuta macho. "Lakini hata leo?"

"Kweli baba. Niliomba likizo tu."

"Likizo tu," mzee akarudia, na wakaanza upya. Shangazi mmoja ilibidi atoke nje akapumue.

Baada ya chakula alimkuta Limi nyuma ya nyumba anasuuza sahani. "Limi, nisikilize. Kazi sikuiacha. Nilikosea Kiingereza."

Limi alimtazama akitabasamu. Halafu tabasamu likapungua kidogo, maana yeye alikuwa anamjua kuliko wale wengine. "Usinitanie hivyo, Magesa. Baba anasema kama umeweza kuiacha kwa ajili yetu basi wewe una mahali pengine pa kazi pakubwa zaidi. Kasema hivyo mbele ya wazee. Unapo?"

Magesa akaokota sahani moja, akaanza kuisuuza naye.

"Ninapo," alisema.

Alirudi Kharumwa kabla wiki haijaisha. Davis aliruhusu apite getini, akamsikiliza amesimama nje ya ofisi, na Magesa alijieleza kwa Kiingereza chote alichokuwa nacho na kwa mikono yote miwili. Livu ya ukutani, alisema, akionyesha ukuta. Si livu ya kwenda. Davis alielewa, na kuelewa kwake ndiko kulikomaliza matumaini, kwa sababu alisikitika kweli. Alikuna kichwa. Lakini yule kijana mpya, alisema, ni mtaratibu, hajafanya kosa lolote, na nafasi ni moja. Hawezi kumwondoa mtu asiye na kosa. Kisha akaongeza, kwa nia njema kabisa: ifu hi livzi, yu kamu.

Safari hii Magesa aliitafsiri bila kukosea. Hiyo ilikuwa ya kuondoka: huyu akiondoka, wewe njoo.

Alitoka akakaa kwenye benchi la Masudi getini, kwa kuwa hakujua mahali pengine pa kukaa. Mtambo ulipozimwa kwa mapumziko, Januari alimwona akaja mbio. Alikuwa amevaa kofia ya njano. Mbele bado imeandikwa MAGESA.

"Sijalifuta, shemeji," Januari alisema. "Nikasema nikilifuta nitakuwa mtu wa namna gani."

"Wala usijali."

"Mama analia kila akinipigia. Nimemwambia aache, atakuharibia harusi." Akakaa, akateremsha sauti. "Na hiyo harusi ndiyo iliyonileta. Nataka likizo nije nisimame na dada yangu, siku tatu nne hivi. Ila Kiingereza changu unakijua. Nimwambieje bosi?"

Masudi aliacha kutafuna muwa. Yeye kisa chote alishasimuliwa, na pengine alikuwa mtu pekee katika mikoa miwili aliyekiamini. Alimtazama Magesa kwa jicho la pembeni, akangoja.

Silabi moja. Magesa hakuhitaji hata kudanganya. Angemfundisha kile kile alichokisema yeye mwenyewe, kwa adabu ile ile. Kofia ingerudi kichwani kwake kabla jua halijazama, mzee Nkwabi asingegundua kitu. Halafu akilini akamwona Mama Januari amepiga magoti, ncha ya khanga iko machoni.

"Sema, ai wonti livu," alisema. "Basi. Unaishia hapo."

"Ai wonti livu." Januari akakunja uso. "Si ukali huo, shemeji? Kama namwamrisha."

"Wao hawasikii ukali. Sema hivyo hivyo. Usiweke tu."

"Nisiweke tu kitu gani?"

"Tu. Tu yenyewe. Ndiyo iliyoniponza mimi. Ukiiweka katikati pale unakuwa umeacha kazi."

Januari alimtazama, kisha akaangua kicheko, akampiga begani. "Shemeji bwana. Dada atakufa kwa kucheka kwenye nyumba yenu."

"Januari, sitanii."

"Najua, najua." Alisimama bado anacheka, akaitengeneza kofia. Mtambo uliwashwa tena, na kelele zake zikajaza kambi yote. Januari akaingia ndani huku midomo inacheza, anaikariri sentensi. Magesa aliinuka akamwita, akamwita tena, lakini sauti yake hata yeye mwenyewe hakuisikia. Alitaka kupita. Masudi akaweka mkono kwenye komeo, kwa masikitiko. Mtu asiye na kofia haruhusiwi kuvuka pale mpaka bosi amwite, na hiyo sheria haikuwa ya Masudi.

Wakatazama kupitia wavu. Januari alifika mbele ya Davis, akavua kofia, akaishika kifuani, akainama kidogo. Magesa alimjua mtu anayeinama vile. Mtu akiinama vile, tu haiwezi kubaki mdomoni.

Davis akampa mkono, akaushika, akautikisa polepole.

"Mungu wangu," Masudi alisema.

Davis akauliza kitu. Januari alifikiri kidogo tu, uso ukamchangamka, akageuka, akanyoosha mkono wote kuelekea getini. Alikuwa anamwonyesha Magesa. Shemeji kamtendea wema, naye amepata pa kuulipa: siku tatu nne za kibarua.

Masudi alifungua komeo. "Haya. Unaitwa."

Magesa hakusogea. Akilini alikuwa anaitazama nyumba ile ya Songwa, watu walewale kwenye mkeka uleule, na yeye amekaa katikati yao anawaeleza kwamba hakumfundisha Januari aseme vile ili kofia imrudie yeye. Alijaribu kumtafuta mmoja wao ambaye hatacheka bali atamwamini, kisha akamtafuta mmoja ambaye angalau atacheka, asikasirike. Kule ndani Januari alikuwa anampungia kwa ile kofia, akimhimiza aje upesi.