Nusu Mzunguko wa Bisibisi

Katika mji ule, wenye magari ya turbo walikuwa makundi mawili, na asiye na kundi alihesabiwa mtu asiye na msimamo. Kulikuwa na watu wa Kulala na watu wa Kusimama. Majina hayo hayakutoka kiwandani, yalitoka gereji. Gari la Kulala injini yake imelazwa chini ndani ya boneti, na inakoroma kama mtu anayesukutua koo. La Kusimama injini yake imekaa wima, na sauti yake ni kali, ya kukata. Yote mawili ni magari ya milango minne, ukiyaona barabarani unaweza kudhani yanampeleka bibi sokoni. Kanyaga mafuta uone. Watu wazima wenye wake na watoto walinuniana miezi kwa ajili ya injini hizo, na kuna baba mmoja aliyekataa posa ya binti yake kwa kuwa mchumba alifika na gari la Kusimama. Baadaye alisema ulikuwa mzaha. Hakuna aliyecheka.

Kwa hiyo daktari wa meno alipotoa gari lake la Kulala akachukua la Kusimama, ilikuwa habari. Ingekuwa habari kwa mtu yeyote, sembuse yeye, ambaye kaka yake wa tumbo moja ndiye aliyekuwa fundi wa magari ya Kulala, na mji mzima hakukuwa na mwingine wa kumfikia.

Lile gari la Kulala walilijenga wawili. Kaka alishusha injini, mdogo akashika taa. Kaka alipanga pistoni, mdogo akapitisha vipuri kimoja kimoja, akigombezwa kwa kila alichokishika vibaya. Lilipowaka mara ya kwanza walikumbatiana na mikono yao ya grisi, na shati jeupe la daktari likaharibika asijali.

Lakini gari lilikuwa na ugonjwa wake. Likipita wiki kadhaa linapoteza nguvu. Unakanyaga, turbo inaitika, kisha unasikia mluzi mwembamba chini ya boneti na sindano ya geji ya upepo inarudi nyuma kwa aibu. Upepo wa turbo unavuja kwenye mpira unaoupeleka kwenye injini. Basi Jumamosi daktari anafunga kliniki, anakwenda gereji. Kaka anafungua boneti, anaingiza kichwa, anaguna. "Mpira umechoka huu," anasema. Siku nyingine anasema, "Klipu za siku hizi, mdogo wangu, karatasi tupu." Anakaza hapa, anapapasa pale, na kazi ndogo inakula mchana mzima. Wanakunywa chai kwenye vikombe vyenye alama za vidole vya mafuta. Wanawasema watu wa Kusimama mpaka mbavu zinauma. Wanamkumbuka marehemu baba na ukali wake. Mambo ambayo wasingeweza kuambiana wakitazamana waliambiana wakitazama injini. Pale ndipo kaka alipoeleza jinsi nyumba ilivyokuwa kimya tangu mkewe afariki, jinsi anavyowasha redio asubuhi ili tu kuwe na mtu anayeongea. Daktari alijibu, akiwa ameshika taa, "Pole sana, kaka." Ndiyo yote aliyosema.

Tuseme ukweli, daktari alizipenda zile Jumamosi, lakini mlima aliupenda zaidi. Kila mwaka makundi mawili yalishindana kupanda barabara ya mlimani, gari moja moja likipimwa muda kwa saa ya mkononi, na kila mwaka daktari alianza vizuri, kisha kwenye kona za juu, mluzi. Watu wa Kusimama wakampa jina la Filimbi. "Filimbi huyo anakuja!" walipiga kelele ukingoni mwa barabara, na mmoja wao alifika mpaka kwenye kiti cha kliniki, mdomo wazi, pamba shavuni, akamwita hivyohivyo. Daktari alikuwa mtu wa kujisikia. Jina lile lilimkaa rohoni kama mwiba wa samaki.

Fundi wa watu wa Kusimama aliitwa Mwembamba, kwa sababu hakuwa mwembamba. Ndiye aliyemshawishi. "Daktari, wewe ni dereva mzuri uliyeolewa vibaya," alimwambia. "Nipe hilo la kwako, nikupe hili, uongeze kidogo tumalizane." Wakabadilishana. Kaka hakuambiwa. Daktari alijiahidi kumwambia Jumamosi, lakini Jumamosi ikaja na gari jipya halikuwa na tatizo lolote, na mtu haendi gereji na gari zima, tena la adui. Akabaki nyumbani akilifuta vumbi ambalo halikuwepo.

Haukupita muda, Mwembamba akampigia simu. "Njoo mara moja. Kuna kitu lazima ukione kwa macho yako."

Gari la zamani lilikuwa juu ya mawe, bampa pembeni. Mwembamba alimulika tochi kwenye klipu inayobana mpira mkubwa wa hewa. Parafujo yake ilikuwa imechakaa pande zote mbili, upande wa kukazia na upande wa kulegezea.

"Unaona? Huyu mtu alikuwa anakaza mpaka mwisho, halafu anarudisha nyuma nusu mzunguko. Kila mara. Si uzembe huu, daktari. Mzembe hafanyi kosa lilelile kwa usahihi hivi." Akaanza kucheka, tumbo likimtikisika. "Kakako alikuwa anakula kwako, bwana! Unalipa, unarudi, unalipa, unarudi!"

Kaka hakuwahi kumtoza hata senti. Daktari alilijua hilo, na lingetosha kumfikirisha mtu mwenye utulivu. Yeye utulivu ulikwisha pale pale. Alichokiona mbele yake ni zile kona za juu, na watu ukingoni wakipuliza vidole, Filimbi, Filimbi.

Alifika gereji injini ikiunguruma. Wateja watatu walikuwa wamekaa kwenye benchi wakisubiri magari yao. Kaka alitoka chini ya gari moja, akajifuta mikono kwa kitambaa, akalitazama lile gari la Kusimama lililosimama mlangoni pake. Alilitazama kwanza gari, kisha mdogo wake.

"Kumbe ni kweli," alisema. "Nilisikia, nikasema watu wanatia chumvi."

"Klipu," alisema daktari. "Ulikuwa unailegeza?"

Kaka angeweza kukana. Asingekosa la kusingizia, fundi yeyote anayo maneno hayo mfukoni. Lakini alikunja kile kitambaa mara mbili, akakiweka mezani.

"Twende ndani tuongee."

"Hapahapa. Ulikuwa unailegeza, ndiyo au siyo?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Ule mwaka tulipolijenga wawili," kaka alisema taratibu, "gari likawa zima kabisa. Unakumbuka ulikuja hapa mara ngapi?"

Daktari alikumbuka. Alikuja kwenye msiba wa shemeji yake. Alikaa kidogo, akaondoka kabla watu hawajatawanyika makaburini, kuna mgonjwa alikuwa anamsubiri. Baada ya hapo simu mbili tatu, za haraka haraka.

"Nilikuwa nakuomba uje, unasema kazi nyingi. Gari likipiga mluzi, kazi zinaisha." Kaka alikiokota tena kile kitambaa. "Nilifanya vibaya. Najua. Lakini sikuwa na njia nyingine ya kukupata, mdogo wangu."

Mtu anayeng'oa meno anajua kuliko wote kwamba watu hawaji mpaka waumwe. Daktari alilisema jambo hilo kila siku kwa wagonjwa wake, akitikisa kichwa. Siku hiyo halikumjia kabisa akilini. Kilichomjia ni wale wateja watatu kwenye benchi, waliokuwa wamesikia kila neno, na jinsi atakavyoonekana mbele yao, mtu mzima aliyechezewa kama mtoto. Akawageukia.

"Mmesikia wenyewe. Kama ananifanyia hivi mimi ndugu yake, nyie je? Nendeni mkaangalie klipu zenu."

Akaingia garini, akarudi nyuma kwa fujo, kokoto zikaruka mpaka kwenye mlango wa gereji.

Neno hilo lilikwenda mbio kuliko turbo yoyote. Kabla ya Jumatatu lilikuwa limefika kila kijiwe cha magari, na lilipofika lilikuwa limenenepa: fundi analegeza breki, fundi anatia maji kwenye oili, fundi anaiba vipuri vizima anarudisha vibovu. Uongo mtupu. Kaka hakuwahi kugusa gari la mtu mwingine kwa nia mbaya, na waliomjua walijua. Lakini nani anampa fundi injini yake huku moyo unadunda? Mmoja alichukua gari lake bila kuaga. Mwingine alisema anasafiri. Watu wa Kulala, waliokuwa wakiapa kwa jina la kaka huyo, wakaanza kupeleka magari yao kwa Mwembamba, ambaye aliyapokea huku akicheka.

Mwaka ule daktari alishinda mlima. Kona za chini, kona za juu, sindano ya geji imesimama kidete. Watu wa Kusimama walimbeba juu juu, wakammwagia soda kichwani, wakampa jina jipya ambalo yeye mwenyewe alilisahau wiki iliyofuata. Usiku ule alikaa sebuleni na kikombe cha ushindi mezani, akatafuta wa kumsimulia ile kona ya mwisho, alivyoshusha gia mapema na mkia wa gari ukataka kuondoka akaurudisha. Mkewe alimsikiliza vizuri, akamwambia hongera, akauliza kona ya mwisho ni ipi.

Mtu ambaye angeijua kona hiyo bila kuonyeshwa alikuwa mmoja tu.

Jumamosi zikawa ndefu. Daktari aliongeza saa za kliniki, akapanga upya dawa kabatini, akaosha gari ambalo halikuwa chafu.

"Si uende tu umwone," mkewe alisema siku moja, amechoka kumtazama akizungukazunguka.

"Niende kufanya nini?"

"Kumsalimia. Watu husalimiana."

"Siwezi kutokea tu hivihivi."

"Basi kaa," mkewe alisema, akaondoka zake.

Alikaa. Alitunga maneno ya msamaha akiwa anapiga mswaki, yakaonekana ya kijinga mbele ya kioo. Alichukua simu, akairudisha. Mwishowe, asubuhi ya Jumamosi nyingine, alifungua boneti ya lile gari lake lisilougua, akaitafuta klipu ya mpira wa hewa, akachukua bisibisi. Mikono yake, iliyozoea midomo ya watu, ikateleza mara moja, bisibisi ikachubua parafujo. Akalegeza. Nusu mzunguko.

Njiani mluzi ulipoanza, alijikuta anatabasamu peke yake kama mwehu.

Gereji ilikuwa na nafasi nyingi. Benchi lilikuwa tupu. Kaka alikuwa anafagia, na alipoona gari alisimamisha ufagio ukutani.

"Karibu," alisema. Alilisema kwa adabu kamili, kama anavyoambiwa mtu aliyeingia kwa mara ya kwanza. "Lina tatizo gani?"

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Lina tatizo gani?"

"Linavuja upepo," daktari alisema. "Linapiga mluzi."

Kaka alifungua boneti. Hakuguna, hakusema lolote juu ya mpira wala klipu za siku hizi. Daktari alichukua taa kutoka kwenye msumari wake, akaishika, akaielekeza mahali panapotakiwa. Kaka alipoiona ile klipu aliinama zaidi. Parafujo ilikuwa inang'aa, haina mchubuko wowote ila mmoja, mpya, wa bisibisi iliyoteleza, upande wa kulegezea.

Daktari aliona mgongo wake ukipanda na kushuka kwa pumzi, akasubiri. Alisubiri tusi, alisubiri kicheko, kofi la shingo kama zamani. Chochote kingemfaa.

Kaka alinyoosha mkono, akachukua bisibisi. Akakaza mpaka mwisho. Akaijaribu kwa kidole gumba, kisha akaenda kabatini akaleta klipu ya pili, nene, akaifunga sambamba na ya kwanza, nayo akaikaza mpaka mwisho. Akauvuta mpira kwa nguvu zake zote. Haukusogea.

"Tayari, daktari," alisema, akifunga boneti. Hakuwahi kumwita daktari tangu azaliwe. "Hii hailegei tena."

"Nije wiki ijayo uiangalie?"

"Ya nini?"

"Kuhakikisha tu."

"Haina haja. Mimi nikikaza, nimekaza." Akaitoa taa mkononi mwa mdogo wake taratibu, bila hasira yoyote, akaitundika. Kisha akachukua ufagio, akaendelea kufagia pale alipoishia.

Daktari alisimama kidogo. Chai haikutajwa. Akaingia garini, akatoka mpaka barabara kuu, na palipo na mwinuko akakanyaga mafuta mpaka chini, ametega sikio, akiomba asikie hata mnong'ono wa upepo. Sindano ikapanda mpaka pale inapotakiwa, ikakaa hapohapo mpaka nyumbani.