Sahani ya Delft

Mama yangu, Wahiba, kaenda Uholanzi kumtembelea kaka yangu Aiman, karudi na mji mzima mdomoni. Delft hivi, Delft vile! Mifereji katikati ya mitaa, mnara wa kanisa umeinama kama mlevi na hauanguki, na mafundi wanaochora sahani kwa mkono, bluu tupu. Mtaa wetu wote wa Buguruni tulishazikariri picha za simu yake.

Muda wote huo bibi yetu hajiwezi, na mie nashinda dukani. Aliyekuwa akimwogesha ni jirani, Bi Somoe. Sasa sikia zawadi. Mama kajiletea sahani ya kuchorwa, ina kinu cha upepo katikati. Bi Somoe yeye akaletewa sumaku ya kubandika kwenye friji. Bi Somoe hana friji! Niliona aibu, wallahi.

Ijumaa nampakulia Bi Somoe pilau, vyombo vichafu, nikashika sahani iliyokuwa karibu, nikampelekea; kumbe ndiyo ile ya Delft. Lo! Mara nasikia vigelegele upande wa pili wa ukuta: "Wahiba kanikumbuka jamani!" Jioni sahani imetundikwa sebuleni kwake, majirani wanaitwa kuiona.

Mama akawa mbogo. "Kaifuate!"

"Mama, si umwachie tu?"

"Nimeipakata toka Ulaya! Unaenda, au niende mwenyewe?"

Akienda mwenyewe ni balaa zaidi, nikaenda.

"Shikamoo, Bi Somoe. Mama anaomba ile sahani. Nilikosea chombo."

Alinitazama, kisha akacheka kidogo. "Na mie kwa kujipendekeza!" Akapanda kigoda, akaitungua, akaingia nayo jikoni. Akatoka nayo imejaa visheti.

"Bi Somoe, jamani, usijisumbue."

"Sahani ya jirani hairudi tupu, mwanangu."

Natamani ardhi ipasuke. Nilipita uani nimeinama, watu wasinione uso.

Mama akaipokea, akaona visheti vimefunika kinu chote. Akaiweka mezani, akaenda kufungua kabati, akawa anatoa mabakuli, makawa, hotipoti, moja moja.

"Unatafuta nini?"

"Chombo cha Somoe. Hatukubaki hata na kimoja chake? Nimjazie kitu, nipate sababu ya kwenda."

Tulitafuta wote wawili mpaka chini ya sinki. Vyote vilikuwa vyetu.