Nyambizi ya Algot Rönnblad

Algot Rönnblad alikosa mambo mengi. Alikosa nywele, alikosa goti la kushoto la kutegemewa, alikosa mke tangu Signe alipofariki, na alikosa cheti cha shule ya mchana, kwani masomo yake yote aliyapata usiku, misimu mitatu ya baridi, akiwa na miaka arobaini na mikono inayonuka samaki. Lakini kilichomuuma zaidi ni kukosa cheo. Muda wote aliotumikia jeshi la maji la Uswidi aliumalizia jikoni akimenya viazi, na hata viazi hivyo, wenzake walisema, vilitoka mikononi mwake vidogo kuliko vilivyostahili.

Alichokuwa nacho ni darubini nzuri, kamusi ya juzuu mbili, na barua yenye mhuri iliyomtambua kuwa mwangalizi wa pwani wa kujitolea katika kisiwa cha Gräsklobb. Barua ile aliitia fremu, akaitundika mahali ambapo hakuna mgeni angeweza kuketi bila kuiona.

Ilikuwa mwaka 1983, barafu imeyeyuka majuma machache tu, na Uswidi nzima ilikuwa ikitafuta nyambizi za kigeni. Kila kisiwa kilikuwa na mtu aliyeona kitu. Algot alikuwa hajaona kitu, na alikuwa akilala vibaya.

Basi Jumanne moja saa nne asubuhi, kikombe cha kahawa mkononi, akaliona. Jicho la nyambizi, bomba jeusi lenye unene wa mkono wa mtu, limesimama wima juu ya maji ya ghuba. Lilimeremeta. Tena lilitembea, taratibu, kwenda kaskazini, wakati upepo ulikuwa ukivuma kwenda kusini. Algot hakuhitaji kamusi. Kiendacho kinyume cha upepo kina injini.

Hakulisogelea, maana kanuni zilikataza. Aliandika taarifa ya kurasa nne, yenye maneno ambayo mwalimu wake wa usiku angeyapigia mstari kwa furaha.

Zikaja meli mbili na helikopta. Akaja Kapteni Stellan Falck, mtu wa adabu, akanywa kahawa ya Algot, akamwita "jicho la taifa" na kumdokeza kuwa kuna nishani. Gazeti la mjini lilimpiga picha, kidevu juu. Siku sita wanamaji walisikiliza maji kwa mitambo yao, wakaambulia mlio wa maji. Hata hivyo wakaifunga ghuba: hakuna boti wala wavu mpaka sikukuu ya katikati ya kiangazi.

Katika juma hilo hilo mchungaji naye aliona nyambizi, yeye akaona mbili. Mwenye duka, ambaye bila miwani hatofautishi sukari na chumvi, aliona mpaka masharubu ya nahodha.

Tyra Öhman peke yake hakuona kitu. Huyu alikuwa jirani, mjane kama Algot alivyokuwa mgane, na riziki yake ya mwaka mzima aliivua ndani ya wiki tatu, pale sangara wadogo wa mistari wanapoingia ghubani kutaga. Wiki ya kwanza ilikuwa imekwisha na nyavu zake zilining'inia ukutani, zimekauka.

"Admirali!" alimwita kutoka upande wa pili wa ua. "Muulize Mrusi wako kama ana kiporo cha samaki!"

"Sikutaja taifa lolote, Tyra. Niliandika 'dola ya kigeni isiyojulikana.'"

"Basi hiyo dola isiyojulikana ije inipikie."

"Usalama wa nchi unadai tujinyime."

"Mbona unanidai mimi tu? Wewe una pensheni na picha gazetini."

Algot aliingia ndani kuipangusa fremu ya barua yake.

Jumapili upepo uligeuka, ukavuma kwa nguvu usiku kucha. Asubuhi Algot alishuka gatini kwake, na hapo, kati ya mawe na nguzo, ilikuwa imeegeshwa nyambizi.

Ulikuwa mti wake wa Krismasi.

Watu wa Gräsklobb hawatupi mti wa sikukuu. Januari huuburuta juu ya barafu, huufunga jiwe shinani, na kuuacha. Barafu ikiyeyuka, mti huzama wenyewe, na sangara hutaga katika matawi yake. Kila mtoto kisiwani anajua kufunga jiwe hilo. Lakini Algot alikuwa amesoma kitabu, na kwa kukisoma akagundua namna iliyo bora: jiwe alilifunga kileleni, ili matawi yalale vizuri zaidi, na shina akalichovya lami lisioze. Jiwe lenyewe lilikuwa dogo. Goti lilikuwa likimuuma, na kuomba msaada hakukuwamo kitabuni. Hivyo mti ukaenda kichwa chini, miguu juu, shina jeusi likichomoza majini, jiwe likikokoteka, mkondo wa chini ukiusukuma unakotaka wenyewe, upepo usijue.

Aliipapasa ile lami. Akalitambua fundo lake kwenye kamba ya bluu ya kuanikia nguo. Shoka lilikuwa hatua kumi tu, na mti ukishakuwa kuni hausemi.

Kisha akaona mayai. Matawini ilitanda mikanda myeupe kama lesi, kana kwamba sangara wote wa ghuba wametaga humo, na jua lilikuwa limeanza kuyakausha. Alivua viatu, akaingia majini akiugulia, akaurudisha mti kina cha kiuno.

"Unamwogesha Mrusi wako?" Tyra alikuwa amesimama nyuma yake.

Algot hakugeuka.

"Ile ni kamba ya Signe," Tyra akasema. "Mimi sitamwambia mtu. Nataka nikusikie wewe ukisema."

"Mchungaji aliona mbili, Tyra."

"Mchungaji ataungama kwake mwenyewe. Zimebaki wiki mbili, Algot."

Algot alipiga simu huku suruali ikichuruzika sakafuni. Kapteni Falck alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akakohoa.

"Mzee Rönnblad, amri ya kufunga ghuba imesimama juu ya taarifa yako. Hao wengine walifuata tu. Simu haiwezi kuifuta. Aliyeandika ndiye afute, kwa maandishi na sahihi yake."

"Na ghuba?"

"Itafunguliwa siku barua itakapofika. Lakini fikiria, mzee. Nishani imeshaagizwa."

Algot alitazama ile barua ya fremu ukutani. Halafu akakaa, akachukua kalamu.

Rasimu ya kwanza ilisema kuwa "haiwezekani kuondoa kabisa uwezekano kwamba kitu husika kilikuwa na asili ya kimimea." Tyra aliisoma amesimama, akacheka mpaka akashika meza.

"Wanamaji wataleta meli ya tatu wakatafute maana!"

"Ni lugha ya kiofisi."

"Ni lugha ya mtu aliyejificha kichakani. Andika kama ungemwambia Signe."

Angemwambia nini Signe? Signe ndiye aliyekuwa akifunga jiwe miaka yote, shinani, bila kitabu. Algot aliichana karatasi, akaandika mistari mitatu:

"Niliyoiona si nyambizi. Ni mti wangu wa Krismasi, niliouzamisha kichwa chini kwa kujifanya najua. Tafadhali fungueni ghuba, majirani wavue."

Akatia sahihi, bila cheo. Alitafuta chini ya jina neno la kuandika, akapaacha patupu.

"Kurasa nne umezifuta kwa mistari mitatu," Tyra alisema. "Umesoma kweli."

Boti ya posta ilipiga honi kwenye gati kubwa. Algot alilamba gundi ya bahasha, akaibana kwa kiganja mara mbili, akashuka njia ya mawe kwa goti lake bovu haraka kuliko alivyopeleka taarifa ya nyambizi, na mwenye boti alipoipokea na kuuliza kama ni nyambizi nyingine, Algot akajibu, "Hapana. Ni ile ile, naizamisha," naye mwenye boti akaitupa bahasha ndani ya mfuko wa barua.