Matanga Makubwa ya Baba Hadia

Usiku wa kuamkia leo niliota mimi na mume wangu, Baba Hadia, tumepelekwa hoteli ya ufukweni kupumzika. Nani katupeleka, ndoto haikusema. Kwa uzee wetu wote hatujawahi kulala hotelini. Na kabla ya kulala tulikuwa tumekula ugali na mchicha, bila chumvi kwa sababu ya presha yake, kwa hiyo hoteli sijui iliingilia wapi.

Tunateremka mbele ya mapokezi. Mimi nimebeba kapu la machungwa, maana mtu hatoki Muheza kwenda kwa watu mikono mitupu. Baba Hadia amevaa kanzu yake ya Idi, na juu ya kanzu amevaa kaptula. Sikumuuliza.

Aliyekaa mapokezi alikuwa taulo. Taulo jeupe, lililokunjwa likawa bata, shingo imepinda vizuri na macho ya karafuu mbili. Nitamwita Bata, kwa sababu ndivyo alivyojiita mwenyewe.

"Poleni na safari," Bata akasema.

"Asante, tumeshapoa," nikamjibu.

"Mtapoa zaidi," akasema.

Akatufunga bangili za plastiki. Yangu ya kijani, ya Baba Hadia nyeupe.

"Mbona yake nyeupe?"

"Nyeupe ni ya mwenye shughuli, bibi."

"Shughuli gani?"

"Hapa kwetu bei ni moja, kila kitu ndani," akasema Bata, kama vile hilo ndilo jibu.

Nikageuka nyuma. Kweli, kila kitu kilikuwa ndani. Bahari ilikuwa ndani, imezungushiwa vigae mpaka ukingoni. Jua lilikuwa darini, na fundi juu ya ngazi anakaza skrubu zake. Barabara tuliyojia ilikuwa imekunjwa kama mkeka, imesimamishwa pembeni mwa sofa. Nyuma ya baa nikaliona jiko langu la nyumbani, na ile sufuria yangu iliyobonyea ubavu mmoja.

"Na nje?" nikauliza.

"Nje haimo kwenye huduma," akasema Bata.

Sipendi mahali ambapo sijui mlango wake. Lakini Baba Hadia alikuwa ameshatangulia mchangani, mikono nyuma, anakagua minazi kama anataka kuinunua.

Kulikuwa na vitanda vya kuotea jua vimepangwa mstari. Kimoja kikamwita.

"Njoo, mzee. Lala chali."

Akalala.

"Mikono kifuani. Hivyo hivyo. Miguu ibane. Funga macho."

"Kitanda kizuri hiki," akasema Baba Hadia. "Mama Hadia, kimenienea kama nilipimwa."

"Ulipimwa," kitanda kikasema. Kisha kikaniuliza mimi, kwa sauti ya chini, kibla kiko upande gani. Nikakionyesha. Nilidhani kinataka kuswali.

Kikajigeuza taratibu na mzee juu yake, mpaka kikaridhika.

Nimesimama pale na kapu langu, natafuta pa kuliweka, ndipo akaja nahodha. Nahodha alikuwa dafu. Dafu kubwa la kijani, limekatwa juu, mrija umesimama kichwani, na kofia yenye nanga ya dhahabu imening'inizwa kwenye mrija. Akitembea, maji yanapiga ndani yake, ploku, ploku.

"Baada ya ufukwe mnapanda meli," nahodha akasema. "Meli yetu haina injini, ni ya matanga. Mzee, matanga yako tuyaweke madogo au makubwa?"

Nilitaka kumwambia Baba Hadia asijibu. Mtu ukiulizwa jambo umefumba macho, ufumbue kwanza. Lakini yule mzee akisikia neno "madogo" hujiona katukanwa.

"Makubwa!" akasema. "Mimi si mtu mdogo. Nimekuwa katibu wa wakulima wa machungwa, Muheza nzima wananijua. Matanga yangu yawe makubwa!"

"Makubwa!" wakaitikia wahudumu wote wa ufukweni, mikono kichwani, kwa sauti ile ile ya wanawake wakipokea habari mbaya dirishani.

Hapo ndipo nilipolisikia vizuri lile neno. Matanga ni ya chombo, hilo najua. Lakini matanga ni ya msiba pia, na neno ni hilo hilo moja, halina alama ya kulitenganisha.

"Nahodha," nikasema, "matanga unayosema ni yepi?"

"Ya kuwekwa na kuanuliwa."

"Hata ya msiba huwekwa, na yakiisha huanuliwa."

"Basi ndiyo hayo hayo. Sisi hatuna ya aina mbili, bibi."

"Yafute! Mzee hakuelewa."

"Kasema makubwa," nahodha akajibu. "Madogo yangefutika."

Namgeukia Baba Hadia nimwambie inuka, vaa viatu, tuondoke. Kumgeukia tu, mchanga haupo. Tuko melini.

Meli nyeupe, ndefu, milingoti mpaka inaumiza shingo kuitazama. Sitaha yote imetandikwa mikeka. Upande mmoja wanaume na kofia zao, wamekaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, wanaongea bei ya mbolea. Upande mwingine wanawake, khanga vichwani, miguu imenyooshwa. Katikati sufuria la pilau ambamo ng'ombe angeweza kuoga, na moshi wake unakwenda moja kwa moja kwenye macho yangu.

Wa kwanza kunishika mkono ni jirani yangu, Bi Mwanjaa, ambaye nyumbani tunatenganishwa na ua wa michongoma tu.

"Pole, Mama Hadia."

"Bi Mwanjaa! Umefikaje huku?"

"Mie msiba haunipiti, shoga. Pole sana."

"Pole ya nini? Mwenyewe yule pale, anaangalia sufuria!"

Bi Mwanjaa akatazama. Baba Hadia akampungia mkono.

"Hajabadilika," Bi Mwanjaa akasema, akijifuta macho. "Kapendeza, utasema kalala."

"Anapunga mkono!"

"Alikuwa mtu wa watu," akasema mwingine nyuma yake.

Nahodha akapanda juu ya ndoo ili aonekane. Akatangaza kwamba mwenye shughuli atapakuliwa sahani yake. Ale bila haraka. Akimaliza punje ya mwisho, nanga inang'olewa, na safari hii haina kurudi, kwa sababu kila kitu ndani na kurudi ni jambo la nje.

"Ploku," akamalizia, na watu wakasema amina.

Sahani ikaletwa. Pilau ya rangi yake, nyama ya kiuno, viazi vimeiva bila kupasuka, na kipande cha ukoko kimewekwa juu. Baba Hadia akakunja mkono wa kanzu.

Napita juu ya miguu ya watu. "Baba Hadia, usile!"

"Kwa nini?"

"Hiyo ni pilau ya matanga yako!"

Akatia tonge mdomoni, akatafuna, akafikiri. "Ndiyo maana imekolea," akasema.

"Mume wangu, nisikilize. Ukiimaliza unaondoka."

"Hata leo, Mama Hadia? Hata leo unanibania chumvi? Mchicha wa maji, maharage ya maji, chai ya maji. Mtu anakuja likizo mara moja, anafuatwa na jicho mpaka baharini!"

Nikaishika sahani niivute. Haikusogea, ilikuwa imeota mizizi kwenye ubao. Nikaanza kuchota nimpunguzie, lakini kila nilichotupa kilikuwa kinarudi upande wake, na yeye anasema asante. Nusu ikawa imekwisha. Nikamenya chungwa nimchanganye. Akalila, kisha akarudi kwenye pilau.

Nikamkimbilia nahodha.

"Yaanueni! Anueni matanga haya sasa hivi!"

"Mfiwa haanui," nahodha akasema. "Mfiwa kazi yake kulia. Wanaanua waliokuja."

Nikawageukia waliokuja. "Jamani, wenzangu, nawaomba. Tuyaanue."

Wanawake wakatazamana.

"Haraka ya nini?" akauliza mmoja. "Hata khitma bado."

"Watu watatusema," akasema mwingine.

Bi Mwanjaa akaweka tonge lake chini. "Mama Hadia, maji ya kaburi hayajakauka, wewe unataka kuanua. Umeshaposwa?"

Wakacheka wale walioziba midomo kwa khanga. Na kule Baba Hadia ameshafika kwenye viazi.

Nikainua uso, si kwa kuomba, bali machozi yasinidondoke mbele ya Bi Mwanjaa. Ndipo nikayaona matanga yenyewe vizuri.

Yalikuwa nguo zangu.

Tanga kubwa la mbele ni shuka letu la harusi, lile la maua ya zambarau, lenye kiraka nilichoshona kwa uzi mweusi kwa sababu mweupe ulikwisha. La pili ni kanzu za Baba Hadia zimeunganishwa mabega. Kile kitambaa cha pembe tatu ni sketi ya shule ya Hadia, binti yetu, na kamba iliyoyashika ni kamba yangu ya manila ya uani, yenye fundo katikati. Na yote yamebanwa kwa vibanio, vile vya mbao, viwili viwili kila pembe, kwa sababu kimoja upepo hukishinda.

Nikatazama vibanio. Nikatazama wingu, lilikuwepo moja, dogo, limefungwa darini karibu na jua.

Nikavuta pumzi, nikapiga kelele ile tunayopigiana uani:

"Mvua hiyooo! Anueni!"

Hakuna mwanamke wa kwetu anayesikia hivyo akauliza nguo ni za nani. Waliinuka wote kwa pamoja. Mikeka ilibaki na viatu vitupu. Wa kwanza kupanda mlingoti alikuwa Bi Mwanjaa, nyonga mbovu na yote, tonge bado shavuni. Wanafyatua vibanio, wanavishika kwa meno, wanatupia nguo begani, wanarushiana. "Shika huku!" "Kanzu hiyo inaburuzika!" "We mama, soksi!" Wengine wameshaanza kukunja kabla nguo haijafika chini.

"Msianue!" nahodha anapiga kelele, kofia imemwangukia machoni, maji yanamwagika kichwani. "Bado! Hajamaliza!"

Hakuna aliyemsikia. Na mvua yenyewe haikunyesha hata tone.

Punde si punde kamba ikawa tupu, na katikati ya sitaha kuna rundo la nguo limepangwa vizuri. Meli ikasimama kama mtu aliyesahau alichokuwa anaendea.

"Nani kaanua?" nahodha akauliza.

"Shishi," wakajibu wanawake, vibanio vingali menoni.

Nahodha akanywa kidogo kwa mrija wake mwenyewe. "Basi. Matanga yameanuliwa na waliokuja. Yameisha."

"Eh!" Bi Mwanjaa akatema kibanio. "Kumbe! Haya, Mama Hadia, sisi tunaaga." Wakajifunga khanga, wakashuka kwenye maji kama wanashuka kibarazani, mmoja mmoja, wanasemana njiani nani alikunja vibaya. Bata akatokea sijui wapi, akajikunjua shingo, akalala juu ya rundo, akawa taulo tu.

Nikageuka nimchukue mume wangu.

Sahani ilikuwa nyeupe. Imebaki punje moja. Baba Hadia ameibandika kwenye ncha ya kidole, anaipeleka mdomoni, macho kayafumba kwa raha.

"Kila kitu ndani," anasema.

Nikampiga mkono. Sijawahi kumpiga mume wangu tangu anioe. Punje ikaruka. Sikuona ilikoangukia.

Nikaamka. Kumekucha, mvua inagonga mabati.

Baba Hadia yuko pembeni yangu, amelala chali, mikono kifuani, miguu imebana. Nililitazama shuka juu ya kifua chake. Halikupanda. Nikaendelea kulitazama, nikiwa nimeshika pumzi yangu mwenyewe nisije nikaichanganya na yake. Likapanda. Likashuka. Likapanda tena. Nikamgeuza kwa ubavu, nikamkunja magoti, akanung'unika.

Hapo ndipo nilipoiona, kwenye ndevu, chini kidogo ya mdomo. Punje moja ya wali, ya rangi ya pilau. Nikaisogelea nikainusa: bizari nzima. Nasi tulikula ugali na mchicha.

Nikaitoa kwa ncha ya ukucha, polepole, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba.

"Mama Hadia," akasema, hajafumbua macho, midomo inatafuta, "niachie hiyo moja tu."

"Lala," nikamwambia.

Nikafungua dirisha nikaitupa uani. Kuku wangu wakaikimbilia kwenye mvua, wote, kama kawaida yao. Wakaizunguka. Yule tetea mwekundu, ambaye hula hata sabuni, akainamisha shingo, akaitazama kwa jicho moja, akaitazama kwa jicho la pili, kisha akarudi nyuma.