Rangi ya Siti ya Letebrhan

Jumamosi alasiri, uani kwake Asmara, Weldu aliisugua kwa spiriti siti ya ngozi ya baiskeli ya mkewe, Letebrhan, mpaka rangi nyeusi ikatoka, kisha akaipaka nyekundu. Ngozi ilikuwa na mabonde mawili, umbo la makalio ya Kiflom, mume wa kwanza wa Letebrhan, aliyefariki miaka sita iliyopita. Weldu aliyapaka mabonde yale mara tatu. Bado yalionekana.

Letebrhan alikuwa anakaanga kahawa. Moshi ulipopanda, Kiflom aliingia, akavua kofia, akakaa kwenye kigoda.

"Umenenepa, bwana Weldu."

"Wewe umekonda."

"Kule hawapiki."

Mgeni haondoki kabla ya kikombe cha tatu, kile cha baraka, kwa hiyo walikunywa vyote. Letebrhan alimtilia Kiflom vijiko vitatu vya sukari bila kuuliza. Weldu, mwaka wa nne wa ndoa, bado huulizwa. Aliyaona hayo.

Baada ya kikombe cha tatu Kiflom alitoa kopo la rangi nyeusi mfukoni mwa koti, akaipaka siti.

"Mke wangu si gari la zimamoto," alisema.

"Mke wako nani?"

Jumapili Weldu alipaka nyekundu. Kahawa ilipokaangwa, Kiflom akarudi na kopo lake. Ikawa hivyo kila siku. Majirani walimsalimu marehemu mlangoni na kumuuliza habari za wazee wao.

Wiki ya tatu Letebrhan aliweka birika chini.

"Baiskeli hii niliinunua mimi, kwa mshahara wa kiwanda cha mkate, kabla sijamjua yeyote kati yenu. Mimi napenda rangi ya ngozi yenyewe."

"Subiri kidogo, mama," Kiflom alisema.

"Nyekundu itakupendeza," Weldu alisema.

Asubuhi iliyofuata Kiflom aliwahi, kahawa haijakaangwa. Letebrhan alitoka amevaa aproni ya kazini, akaigusa siti. Kidole kilitoka na rangi zote mbili.

"Haijakauka?"

"Bado," walijibu kwa pamoja.

Alikipangusa kidole ukutani, akashuka kwa miguu kuelekea kiwandani, mwendo wa saa nzima. Kiflom alifungua kopo. Weldu alimshikia baiskeli isitikisike, huku akimtazama mkono kwa makini, asije akapaka zaidi ya zamu yake.