Neno Lililokatika Katikati

Mama alikuwa na sentensi moja aliyopenda kuianza na hakuwahi kuimaliza. "Siku baba yenu alipokuja kwetu kuposa, alivaa..." Hapo macho yalihamia dirishani, maneno yakayeyuka, na binti yake akabaki ameshika kijiko cha dawa, akisubiri. Alivaa nini, jamani? Marehemu baba hakusema, na sasa Mama mwenyewe alikuwa akisahau hata njia ya bafuni.

Binti huyo alikuwa mpanga ratiba wa kampuni ya maziwa. Yeye ndiye aliyeamua lori lipi liende wapi, na maziwa hayana subira: ratiba ikichelewa, yanachacha. Tangu Mama alipoacha jiko likiwaka, alikuwa akienda kazini roho mkononi. Kaka yake, anayeishi mbali, alikwishakata shauri kwamba atakuja kumchukua Mama. Hakuwa mtu mbaya, lakini nyumba ngeni ingemmaliza Mama, na binti alilijua hilo.

Akaenda kumwangukia meneja.

"Nakupa wiki hii ufanyie kazi nyumbani," meneja alisema. "Lori moja likikwama, unarudi ofisini. Tena usinililie."

Fundi wa kompyuta, waliyemwita Nyaya, alimtengenezea laptop yake kuukuu. "Dada, kazi haikai humu," alimwambia. "Kila kitu kiko kwenye seva, ile kompyuta kubwa kule ofisini. Humu unachungulia tu."

Aliitikia kwa kichwa kama tunavyowaitikia madaktari, bila kuambulia kitu. Laptop aliilea kama yai. Hata kikombe cha Mama hakikuruhusiwa kukaa karibu nayo, kisije kikamwagika na kuzamisha malori yote.

Siku ya mwisho ya wiki, mchana, akiwa katikati ya kuandika, umeme ukakatika. Betri ya laptop ilishakufa zamani. Kioo kikawa cheusi tii. Akakaa sakafuni, na machozi yakamtoka hivihivi mbele ya mama yake. Si malori aliyokuwa akiyalilia.

Akampigia Nyaya. "Umeme umekatika! Kazi yote imepotea!"

"Imepotea iende wapi?" Nyaya alicheka. "Si nilikwambia haikai humo? Tafuta kompyuta yoyote, hata ya jirani, uingie kama kawaida."

Jirani alikuwa mkunga mstaafu, na laptop yake ilikuwa na chaji tele. Aliitoa kwa shingo upande. "Uirudishe haraka. Kwenye tamthilia yangu nimemwacha bibi harusi mlangoni, na simwamini yule bwana."

Binti akaiunganisha na intaneti ya simu yake, akaandika neno la siri. Kioo kikafunguka. Ratiba ilikuwa palepale alipoiacha, hadi neno alilolikatisha katikati: "Lori la magha", na kimstari kikipepesa mbele yake, kikimngojea. Akamalizia "ribi". Kisha akaendelea mpaka lori la mwisho, akaituma, akashusha pumzi. Jibu la meneja halikuchelewa: "Imefika. Wiki ijayo endelea hukohuko."

Mama alikuwa amesogea. Akaigusa ile laptop kwa kidole. "Hii si yako."

"Ya kuazima, Mama. Ya jirani."

"Ya kuazima," Mama alirudia taratibu. Akatazama dirishani, na binti akajua maneno yameshaondoka tena. Lakini Mama akageuka, anatabasamu.

"Viatu vya kuazima. Siku alipokuja kuposa, baba yenu alivaa viatu vya kuazima. Vilimbana, masikini, akavivua mlangoni. Huku nyuma mwenye viatu akaja kuvifuata. Mchumba akarudi kwao peku!" Akacheka mpaka mabega yakamtikisika. "Nami nikamkubali vivyo hivyo."

Binti akamkumbatia, akacheka na kulia kwa pamoja. Kisha akampigia kaka yake.

"Usije kumchukua Mama," alisema. "Nabaki naye, kazini wamekubali. Na kaka, sikia. Alivaa viatu vya kuazima."

 Upande wa pili, lile jitu zima, baba wa watoto, likaanza kulia.

"Mpe simu Mama," alisema. "Anisimulie mwenyewe, kabla haijamtoka."