Shati la Kumvisha Elis

"Lile shati jeupe la marehemu mumeo, bado unalo?"

Ceinwen, jirani wa ukuta mmoja, aliuliza hivyo Ijumaa asubuhi, amesimama mlangoni na mikono yake ndani ya aproni. Hakumtazama Bi Gwenllian usoni. Na Bi Gwenllian akajua papo hapo shati linatakiwa na nani, na atakayevishwa ni nani.

Ilikuwa siku ya tano wanaume sitini na wawili wa bonde la Cwmeithin wako chini mgodini, wamekataa kupanda juu. Miaka ile makaa ya mawe yalikuwa hayauziki. Nusu ya wanaume wa bonde walishinda wamechuchumaa kwenye pembe za barabara, hawana la kufanya, na kampuni ikaona hapo ndipo pa kuleta watu wa nje, wa chama cha wafanyakazi ilichokiunda yenyewe, kwa ujira mdogo. Wenyeji walitambua kwamba wakishapanda hawatashushwa tena. Basi wakabaki kule kule gizani. Siku ya pili meneja akaamuru chakula kisishushwe. Na mtu aliyekaa kwenye mtambo wa kushushia kizimba cha kubebea watu na mizigo shimoni, zamu ya mchana, alikuwa Elis, mdogo wake Gwenllian wa tumbo moja, aliyehamia kwake tangu alipofiwa na mke.

Shati jeupe halikuwa mchezo katika bonde lile. Tangu enzi za bibi zao, mtu aliyewageuka wenzake alivishwa shati jeupe juu ya koti lake, akatembezwa mtaa mzima mpaka kwake, wanawake wakimfuata nyuma wakiimba tenzi polepole kama wanaosindikiza maiti. Hakupigwa, hakutukanwa. Ila baada ya siku hiyo hakuna aliyemjibu salamu tena, na wengi wao walihama.

Gwenllian alisema ngoja kwanza aombe. Ceinwen akajibu, wala si kwa ubaya, kwamba aombe upesi, maana mwanawe kule chini hajatia mkate kinywani tangu Jumanne.

Akapanda ghorofani, akapiga magoti mbele ya kasha ambamo shati lilikunjwa pamoja na nguo zake mwenyewe za kuzikiwa. Aliomba muda mrefu. Hakusikia sauti, naye hakuwa mtu wa kutegemea sauti. Aliona jambo moja tu: akiwanyima, watapata shati kwingine, na Elis atashtukizwa kwenye geti la mgodi na watu ambao dada yake anawajua kwa majina; akiwapa, angalau atamwonya yeye mwenyewe. Akalipiga pasi, akanyoosha ukosi, akalipeleka mwenyewe kwa Ceinwen.

Saa tano Elis aliketi kula kabla ya kwenda zamu. Gwenllian alimpakulia supu ya viazi, akaketi mbele yake, wala hakuzungusha maneno.

"Shati nimewapa mimi," alisema. "Jioni ukitoka watakuwa getini."

Elis aliweka kijiko chini. "La Tudur?"

"La Tudur."

"Angalau halitanibana. Shemeji alikuwa na mabega."

Hakuna aliyecheka. Kisha Elis akaanza kujitetea, naye alikuwa na ya kusema. Yeye hakuwa upande wowote, watu wa mitambo wana chama chao na chama hicho hakijagoma. Amri si yake. Akishusha mkate leo, kesho hana kazi, na mwanamume wa miaka hamsini na minne ataajiriwa na mgodi gani wakati huu? Yule mkaguzi wa posho ya wasio na kazi atarudi humu ndani kufungua makabati na kuuliza mjane ana haja gani na kinanda. Yote yalikuwa kweli, na Gwenllian alimwacha ayamalize.

Maisha yake yote Elis alijisifu kwamba mtu wa mtambo hasikilizi mdomo wa mtu, hata uwe wa mfalme. Akiwa kazini ni marufuku kusemeshwa. Anatii kengele peke yake: mbili teremsha, tatu kuna watu ndani. Gwenllian alikuwa ameyasikia hayo kwenye meza ile ile mpaka angeweza kuendesha mtambo yeye.

"Tangu amri itoke," aliuliza, "kule chini wamepiga kengele?"

Elis alitazama supu yake.

"Nakuuliza, mdogo wangu."

"Kila siku. Saa saba kamili. Mbili."

"Na wewe?"

"Namtazama meneja. Anasimama pale mlangoni, anatikisa kichwa."

"Kwa hiyo siku hizi unatii kichwa."

"Dada, usinifanyie hivyo."

"Sikufanyii kitu. Nimekuombea asubuhi nzima, wala sijui nimekuombea nini. Kazi ikienda, kinanda kitauzwa, nitaimba bila kinanda. Lakini Jumapili nitaingia kanisani, na mama zao watakuwa wameketi pale, Elis. Niambie nikae benchi lipi."

Viganja vikubwa vya Elis vilikuwa vimelala juu ya meza kila upande wa bakuli. Gwenllian hakumsaidia. Alikuwa amesema alilokuwa nalo, na angeongeza neno lingekuwa la kumbembeleza.

"Mkate uko wapi?" Elis akauliza mwishowe.

"Kwenye chumba cha nyuma cha kanisa. Vikapu kumi na viwili, na jibini, na chai kwenye makopo ya maziwa."

"Mwambie Ceinwen vifike kwenye mdomo wa shimo kabla ya saa saba. Wapakie wenyewe, upesi, bila kelele. Mimi nitafunga mlango wa chumba cha mtambo kwa ndani. Meneja na atikise kichwa mpaka kitoke."

"Watakufukuza leo leo."

Elis aliinuka, akachukua kofia msumarini, ingawa zamu yake ilikuwa bado karibu saa nzima. Alimwinamia dada yake, akamgusa bega, akatoka.